Kilele Kinapohama: Kuiuliza Mashine Kabla ya Kuihukumu Dawa



Mwishoni mwa mwaka 2014, huko Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, vituo vya afya vilianza kupokea wagonjwa ambao shingo zao zilikuwa zimekakamaa na kupinda, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka nje. Wengi walikuwa watoto. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo, na yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ukanda ule asingewalaumu waganga kwa kufikiri hivyo. Kufikia Agosti 2015 wagonjwa walikuwa wamepita 1000, na baadhi yao walifariki. Chanzo hakikuwa kijidudu chochote. Kilikuwa kidonge kilichouzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili, ambayo kwa mtoto huvuta misuli ya shingo na uso namna ile ile. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu vidonge hivyo.

Nimeanza na Ituri kwa sababu nataka tujiulize jambo moja jioni hii. Tuseme vidonge vile vingeletwa hapa Lubumbashi, katika maabara yenye mashine ya kromatografia ya kimiminika, siku ya joto, umeme ukiwa umekatika asubuhi na kurudi. Fundi anaingiza sampuli. Kwenye mchoro wa mashine, kilele cha dawa hakitokei pale diazepamu inapotokea kwa kawaida; kinatokea mbele kidogo au nyuma kidogo, tena kina mkia. Fundi huyo amezoea kuona vilele vikihama kila wiki. Je, atasema mashine leo imesogeza muda, au atasema hii si diazepamu?

Maabara isiyojua kwa nini vilele vyake vinahama haina namna ya kujibu swali hilo. Ndiyo maana naona utatuzi wa hitilafu za mashine hii ni jambo la afya ya watu, wala si mambo ya mafundi peke yao.

Kwa wasioijua mashine yenyewe, nieleze kwa ufupi. Pampu inasukuma kimiminika, mara nyingi maji yaliyochanganywa na methanoli au asetonitrili, kupitia bomba jembamba la chuma lenye urefu wa sentimita 15 au 25 na upana wa ndani wa milimita 4.6. Bomba hilo maabarani kwetu tunaliita kolone. Ndani yake zimeshindiliwa chembe za silika zenye kipenyo cha mikromita 5 hivi, zilizovikwa minyororo ya kaboni 18. Tone dogo la dawa iliyoyeyushwa linaingizwa mwanzoni mwa kolone. Wafikirie watu waliotoka mjini pamoja alfajiri kwa baiskeli kwenda mpakani Kasumbalesa: mwenye ndugu katika kila kijiji anasimama kusalimia, asiyemjua mtu anapita moja kwa moja, na ingawa barabara ni moja hawafiki kwa wakati mmoja. Molekuli zinazopenda mafuta husimama sana kwenye minyororo ya kaboni, zinazopenda maji hupita. Mwishoni kuna kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno kinachoona kila kundi linapotoka na kuchora kilele. Mahali kilele kilipo hutuambia huenda hiki ni kitu gani. Eneo lililo chini yake hutuambia ni kiasi gani.

Asili ya mbinu hii ni Mikhail Tsvet, aliyetenganisha rangi za majani kwa unga wa chokaa mjini Warsaw mwaka 1903. Archer Martin na Richard Synge waliipa nadharia na wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Katika miaka ya 1960 pampu za shinikizo kubwa ziliifanya iwe kazi ya dakika badala ya siku. Leo ni vigumu kwa maabara ya dawa kusema inafanya kazi bila mashine hii.

Sasa tuje kwenye kilele kilichohama.

Swali la kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni hili: je, kila kitu kimehama pamoja, au dawa peke yake? Ili kulijibu, lazima tujue muda mtupu, yaani muda ambao kitu kisichoshikiliwa kabisa kinatumia kupita. Urasili ni nzuri kwa kazi hiyo katika kolone ya kaboni 18. Kolone ya sentimita 25 ina nafasi ya kimiminika ya kama mililita 2.5, kwa hiyo kwa kasi ya mililita 1 kwa dakika muda mtupu ni dakika 2.5. Tuseme dawa yetu hutoka dakika ya 7.5. Ondoa 2.5, unabaki na 5. Gawanya kwa 2.5, unapata 2. Namba hii, ambayo vitabu huiita k, ndiyo inayosema dawa inashikiliwa kiasi gani, bila kujali pampu inakwenda kasi gani.

Leo dawa imetoka dakika ya 8.33. Ukiangalia namba hiyo peke yake huna la kusema. Angalia urasili. Kama nayo imechelewa hadi dakika 2.78, basi k bado ni 2, na kemia yako ni nzima. Kilichopungua ni kasi ya pampu kwa 10%: vali imechafuka, kiputo cha hewa kimekwama, sili imelika, au kuna kiungo kinachovuja. Lakini kama urasili imebaki dakika 2.5, basi k imepanda hadi 2.33, na hakuna haja ya kufungua pampu. Tatizo liko kwenye kimiminika, kwenye joto, au kwenye kolone yenyewe. Hesabu hii ya sekunde 30 inaokoa siku nzima, na bado nimekuta maabara nyingi ambako muda mtupu haupimwi kabisa. Haupimwi kwa sababu farmakopea, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, haikuudai katika mbinu husika, kana kwamba farmakopea ndiyo itakayokuja kufungua pampu.

Nisisitize kuhusu kasi, kwa kuwa hapa ndipo mgonjwa anapoumia bila mtu kuona. Kigunduzi cha mwanga hupima kinachopita mbele yake kwa muda wote kinapopita. Kasi ikishuka kwa 10%, kilele kinakaa muda mrefu zaidi mbele ya mwanga, na eneo lake linapanda kwa kama 11%. Ukiwa umeingiza dawa ya rejea, ambayo kiasi chake kinajulikana, asubuhi kasi ikiwa sawa, kisha vali ikaharibika, halafu ukaingiza vidonge vyenye 88% ya dawa inayotakiwa, mashine itakuonyesha karibu 98%. Vidonge vingi vinakubaliwa kati ya 90% na 110%. Vidonge hafifu vimepita, cheti kimesainiwa, na hakuna aliyedanganya. Dalili ilikuwa kilele kilichochelewa kwa chini ya dakika moja, ambacho mtu alikitazama akasema ni kawaida yake. Kwa hiyo ingiza dawa ya rejea mwanzoni, katikati na mwishoni, na usikubali matokeo ya sampuli ambayo haiko kati ya rejea mbili zinazokubaliana.

Ikiwa muda mtupu haukubadilika, twende kwenye kemia. Na kemia ya Lubumbashi ina mambo yake.

La kwanza ni joto. Mji wetu uko karibu mita 1200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na maabara isiyo na kiyoyozi huamka ikiwa baridi. Oktoba, kabla ya mvua, mchana unapita nyuzi 30. Kwa dawa nyingi, kila nyuzi moja ya joto hubadilisha k kwa 1% hadi 2%. Chumba kikianza na nyuzi 16 asubuhi na kufika 28 alasiri, dawa ile ile, kolone ile ile, kimiminika kile kile, k inashuka kwa kati ya 12% na 24% ndani ya siku moja. Hakuna kilichoharibika. Aliyefundishwa Liège au Johannesburg, katika chumba chenye joto moja mwaka mzima, hakuambiwa haya kwa sababu hayakumhusu.

Mtu atasema: mashine ina tanuri ya kolone. Ni kweli, lakini tanuri nyingi zinajua kupasha, hazijui kupoza, na hazidhibiti vizuri mpaka ziwe na joto la nyuzi 5 au zaidi juu ya joto la chumba. Mbinu inapoandikwa kwa nyuzi 25, na chumba kina 31, tanuri inakaa kimya bila kupoza chochote. Ushauri wangu kwa kila anayethibitisha mbinu mpya katika mji huu: chagua nyuzi 35 au 40, uthibitishe hapo, na Julai na Oktoba zitafanana. Asubuhi za baridi kuna jambo la ziada: kimiminika kinakuwa kizito na shinikizo linapanda. Nimewaona vijana wakibadilisha vichujio na kulaumu kolone, wakati saa 5 jua lilipoingia dirishani shinikizo lilishuka lenyewe.

La pili ni mchanganyiko. Kanuni ya mkono tunayofundishana ni kwamba 10% ya methanoli au asetonitrili hubadilisha k karibu mara tatu. Maana yake ni kwamba kosa la 1% tu linaihamisha k kwa zaidi ya 10%. Chupa isiyofunikwa katika joto la Oktoba inapoteza kimiminika chepesi kabla ya maji. Kupima methanoli na maji katika silinda moja, ukimimina kimoja juu ya kingine mpaka alama, kunakosea pia, kwa sababu vikichanganyika ujazo hunywea. Pima kila kimoja peke yake, kisha changanya. Au bora zaidi, pima kwa mizani.

Kuna pia mabadiliko tunayolazimishwa na soko. Mwaka 2008 na 2009 asetonitrili iliadimika dunia nzima, kwa kuwa hutengenezwa kama zao la ziada la kiwanda kinachozalisha malighafi ya plastiki na nyuzi, na viwanda hivyo vilipunguza kazi. Maabara tajiri zililia kwa miezi. Sisi hali hiyo tunaijua kila mwaka, mzigo unapokwama njiani. Ukibadilisha asetonitrili kwa methanoli, usidhani umebadilisha chupa tu: nguvu ya kusukuma inabadilika, mpangilio wa vilele unaweza kugeuka, na mchanganyiko wa maji na methanoli karibu nusu kwa nusu ni mzito kuliko kila kimoja peke yake, kwa hiyo shinikizo litapanda. Hiyo ni mbinu mpya na inadai kuthibitishwa upya.

La tatu ni pH, na hapa makosa mengi yanaandikwa vizuri kabisa kwenye daftari. Bafa, yaani mmumunyo unaoshikilia pH mahali pake, hufanya kazi ndani ya uniti moja hivi kutoka kwenye namba yake ya asili. Fosfeti inashika vizuri karibu na 2.1 na karibu na 7.2. Asetati inashika karibu na 4.8. Anayetengeneza fosfeti ya pH 4.8 amepata namba sahihi kwenye kipimo lakini hana kitu cha kuishikilia. Sampuli yenye asidi kidogo ikiingia, pH ndani ya kolone inayumba, na dawa inayobadilisha chaji karibu na pH hiyo inatoka dakika tofauti kila siku. Pima pH kabla ya kuongeza methanoli, si baada. Na bafa ya maji matupu iliyokaa siku nne kwenye meza ya maabara yetu wakati wa joto ina viumbe ndani yake, hata kama macho hayavioni. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, na ikimaliza siku mbili au tatu, mwaga.

Nimesema Lubumbashi ina mambo yake, na sijafika kwenye kubwa kuliko yote. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga inafika katika ardhi hii ya Katanga, tangu miaka ya 1980, na bado kila mwenye maabara hapa anajua jinsi giza linavyoingia katikati ya kazi. Watu huwazia kompyuta na data iliyopotea. Mimi nawazia kolone.

Mbinu nyingi za amoksisilini hutumia kimiminika chenye maji zaidi ya 90%. Minyororo ya kaboni 18 haipendi maji. Wakati pampu inafanya kazi, shinikizo linayalazimisha maji kukaa ndani ya vitundu vidogo vya silika. Umeme ukikatika, shinikizo linaanguka, na maji yanasukumwa nje ya vitundu. Umeme unarudi, pampu inaanza, shinikizo linaonekana la kawaida, kila kitu kinaonekana kizima. Lakini sehemu kubwa ya uso wa silika haiguswi tena na kimiminika, na amoksisilini iliyokuwa ikitoka dakika ya 8 inatoka dakika ya 4. Asiyejua atasema kolone imekufa na ataagiza nyingine kwa mamia ya dola. Anayejua atapitisha mchanganyiko wenye methanoli au asetonitrili zaidi ya nusu, ambao unarudi ndani ya vitundu, kisha atairudisha kolone kwenye kimiminika cha mbinu kwa mijazo 10 hadi 20 ya kolone. Tena aanze na maji na methanoli bila chumvi, kwa sababu fosfeti ikikutana ghafla na asetonitrili nyingi inageuka kuwa unga ndani ya mirija. Kwa mtu mwenye saa moja na subira, kolone inarudi.

Chumvi yenyewe ni hatari nyingine ya giza. Bafa iliyoachwa ndani ya pampu iliyosimama hukauka na kuacha fuwele kwenye sili, na fuwele hizo hukwaruza pistoni siku pampu inapoamka. Umeme ukirudi, hata kama ni saa 11 jioni na watu wanataka kwenda nyumbani, mashine ioshwe kwa maji yenye methanoli kidogo kabla ya kuachwa. Kama maabara ina jenereta ndogo, mimi ningeitumia kwa kazi hiyo moja kwanza, kabla ya taa na kabla ya kiyoyozi.

Sasa umbo la kilele. Nitazungumzia zaidi mkia, kwa sababu mkia ndio unaoficha.

Bukavu kuna kiwanda cha Pharmakina, kinachojulikana kwa kutoa kwinini kutoka kwenye magome ya mikwinini inayopandwa Kivu. Ni moja ya dawa chache za malaria ambazo nchi hii inaweza kusema zinaanzia kwenye udongo wake. Kwinini ya magome huja na ndugu yake, dihidrokwinini, ambaye farmakopea ya Ulaya inamruhusu lakini si zaidi ya 10%. Katika kolone ya kaboni 18 ndugu huyu hutoka baada ya kwinini, karibu sana nayo. Kilele cha kwinini kikiwa na mkia mrefu, kinamfunika. Kompyuta inachora mstari wa kugawanya popote inapoweza, na namba inayotoka inaonekana nzuri.

Mkia unatoka wapi? Kwinini ni besi. Katika pH ya katikati inabeba chaji chanya. Silika, hata ikivikwa kaboni vizuri, hubaki na vikundi vya silanoli vilivyo wazi, na kuanzia pH 4 hivi kwenda juu vinabeba chaji hasi. Basi kwinini inashikiliwa mara mbili: na kaboni, haraka, na silanoli, polepole. Zile molekuli chache zilizokamatwa na silanoli zinachelewa kuachiliwa, na ndizo mkia. Ukishusha pH hadi 2.5 au 3, silanoli zinapoteza chaji na mkia unafupika. Ukiongeza trietilamini kidogo, nayo inakalia silanoli kabla ya kwinini kufika. Ukiongeza nguvu ya bafa kutoka milimola 10 hadi 25 au 50, inasaidia pia. Na kolone za kisasa zenye silika safi, isiyo na chembe za metali, zina tatizo hili kwa uchache sana. Nani ajuaye metali kama sisi wa mji wa shaba, na bado tunanunua kolone za bei nafuu kwa mbinu za besi.

Lakini subiri kabla ya kumwaga trietilamini. Mkia unaweza kutoka mahali pengine kabisa: mrija mrefu kupita kiasi kati ya kolone na kigunduzi, kiungo ambacho hakikufika mwisho kikaacha nafasi, chujio la mwanzo wa kolone lililoziba nusu, shimo lililojitokeza baada ya silika kushuka. Namna ya kutofautisha ni kuingiza kitu kisicho na chaji, kafeini kwa mfano. Kafeini ikitoka nyembamba na kwinini ina mkia, ugomvi ni wa kwinini na silanoli. Zote mbili zikiwa na mkia, ugomvi ni wa mabomba, na hakuna kemikali itakayoutibu. Vilele vyote vikipasuka vichwa viwili kwa namna moja, angalia chujio la mwanzo na shimo. Kimoja peke yake kikipasuka, na ni cha mwanzoni, angalia ulichoyeyushia sampuli: vidonge vilivyoyeyushwa katika methanoli tupu vikiingizwa kwenye kimiminika chenye methanoli 20%, tone lile la methanoli linabeba baadhi ya molekuli mbio kabla kolone haijazishika. Ingiza mikrolita 5 badala ya 20. Umbo likitengemaa, umepata jibu bila kununua chochote.

Kuhusu vilele vya mizimu, vinavyotokea bila sampuli, nitasema neno moja tu: maji. Maji yaliyochujwa vizuri kisha yakahifadhiwa wiki nzima kwenye bidoni la plastiki si yale maji tena.

Mmarekani John Dolan, ambaye kwa miongo kadhaa aliandika safu ya kutatua hitilafu katika jarida la LCGC, aliwaambia wasomaji wake wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na wakibadilisha kipuri kizima ambacho hakikuwa chanzo, wakirudishe kile cha zamani mahali pake. Ulaya ushauri huo ni wa mpangilio. Kwetu ni wa kuishi. Fundi aliyebadilisha kolone, bafa na sili kwa mkupuo mmoja, na mashine ikapona, hajajifunza kitu, na amebaki na kolone nzima iliyowekwa kando kama mbovu. Mwezi ujao, ugonjwa ukirudi, atarudia gharama yote. Basi kila kolone iwe na daftari lake tangu siku ya kwanza: muda mtupu, k, shinikizo, kipimo cha mkia, na joto la chumba. Hilo la mwisho halimo kwenye fomu nyingi tunazoletewa, na ndilo linaloeleza nusu ya mambo hapa.

Turudi kwa kidonge cha Ituri kwenye meza yetu. Fundi mwenye daftari ameona kilele kisicho mahali pake. Urasili iko dakika 2.5, pampu ni nzima. Dawa ya rejea ya diazepamu, iliyoingizwa kabla na baada, imetoka mahali pake mara zote mbili. Kwa hiyo mashine haikuhamisha kitu. Sasa achanganye tone la rejea na tone la sampuli katika chupa moja, aingize. Vikiwa kitu kimoja, kitatoka kilele kimoja, hata kama mashine imehama, kwa sababu vimesafiri pamoja. Vikiwa viwili, atakuwa mbele ya dawa ambayo si diazepamu. Aendelee kuuliza: diazepamu haina chaji kuanzia pH 5 kwenda juu, kwa hiyo akitumia bafa ya asetati ya pH 5, kisha ya fosfeti ya pH 7.5, itabaki karibu pale pale. Haloperidoli ni besi. Katika pH 5 ina chaji yote, katika 7.5 inaanza kuipoteza, na itahama. Kilele chenye mkia kinachokimbia pH kimekataa jina lililoandikwa kwenye kopo. Hapo hajajua bado ni nini, na sampuli iende mahali penye spektromita ya masi. Lakini amejua kutosha kupiga simu mchana ule ule na kuzuia makopo yasiuzwe.

Mji huu unajua kupima. Hakuna shehena ya shaba au kobalti inayovuka Kasumbalesa bila mtu kuuliza asilimia, na kukosea sehemu ndogo ya asilimia hiyo huzua ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwenye barabara hiyo hiyo makasha ya dawa yanaingia kuelekea farmasi za komune zetu za Kenya, Katuba na Ruashi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya dawa 10 zinazochunguzwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 1 hivi ni hafifu au ya kughushi. Sioni kwa nini asilimia ya dawa katika kidonge cha mtoto ipimwe kwa uangalifu mdogo kuliko asilimia ya shaba katika jiwe.

Ombi langu kwa maabara za mji huu, za chuo, za serikali na za binafsi, ni dogo. Tutengeneze mmumunyo mmoja wa majaribio: urasili kwa ajili ya muda mtupu, kafeini kwa ajili ya mabomba, kwinini kwa ajili ya silanoli, na diazepamu kwa ajili ya mchanganyiko na joto. Kila maabara iuingize asubuhi kabla ya kazi na tena saa 8 mchana, Julai na Oktoba, na kila umeme unaporudi baada ya kukatika. Matokeo yaandikwe pamoja na joto la chumba, na tubadilishane kurasa. Mizani nzuri, methanoli kidogo na friji vinatosha kuutengeneza, na niko tayari kupima chupa za kwanza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho Jumatatu, ili zifike kwenu kabla ya mvua kuanza.